Siku Zinazotangulia Siku Zangu

Damu ya hedhi yenyewe haikuwahi kunisumbua sana. Ikija inakuja, siku zake zinaisha, maisha yanaendelea. Kilichonitesa miaka yangu yote ya chuo hapa Mwanza ni ile wiki inayoitangulia. Naandika kwa ajili ya mabinti walioko vyuoni na sekondari ambao kila mwezi kuna siku hawajielewi, halafu wanaambiwa wana kiburi. Naandika pia kwa mama zao na kwa walimu wenzangu, maana siku hizi nami ni mwalimu, shule ya kutwa upande wa Ilemela, na hali niliyoipitia naiona darasani kwangu, kila mara kwenye dawati jingine.

Nilisoma upande wa Malimbe. Tulikuwa wasichana watatu kwenye chumba kimoja cha kupanga, juu kwenye mawe, ukifungua dirisha ziwa unaliona. Wiki yangu ilianza na matiti: yanajaa, yanauma hata sidiria ikiyagusa. Kisha tumbo linavimba, sketi iliyonikaa vizuri Jumatatu, Alhamisi zipu haipandi. Usingizi nao unageuka. Mchana nasinzia kwenye kipindi cha takwimu, usiku macho hayafumbi hadi nasikia adhana ya alfajiri.

Hayo ya mwili niliyazoea. Yaliyonitisha ni ya moyoni. Nilikuwa naamka na huzuni isiyo na habari iliyoileta. Hakuna aliyefiwa, bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limeingia, ada imelipwa, na bado nalia huku napiga mswaki. Jambo dogo, sufuria ya ugali kuachwa bila kulowekwa, linanipandisha hasira mpaka mikono inatetemeka. Na wasiwasi: nikiona wenzangu wanacheka nje, nina hakika wananicheka mimi.

Chuoni tulisoma kwa vikundi jioni, kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje, na aliyepita huko anajua kwamba nusu ya masomo iko kwenye diskasheni. Maswali ya miaka iliyopita yanapita huko, na mtu aliyeelewa kipindi anawafafanulia wengine hukohuko. Siku zile, anayenirekebisha nilimsikia ananidharau. Nikawa nabaki chumbani. Kusoma peke yangu nako hakukuwezekana: ukurasa mmoja naurudia na kuurudia, mwishoni nakumbuka kichwa cha habari tu. Kama testi ikiangukia wiki hiyo, alama zilionyesha. Kama ni zamu yangu kusimama mbele na kuwasilisha kazi ya kikundi, sauti ilikauka. Bumu nalo lilivuja wiki hiyohiyo, kwenye chipsi na soda na biskuti, kwa sababu hamu ya chumvi na sukari ilikuwa hainipi nafasi. Wengine wanavunja uchumba katika siku hizo, wengine wanahama chumba. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliacha kwaya aliyoipenda kuliko kitu chochote, na wiki iliyofuata alishindwa kueleza kwa nini.

Nikisikia ubora wa maisha ya mwanafunzi unazungumzwa, haya ndiyo ninayoyawaza. Wiki moja kati ya nne ni robo ya muhula. Mwanafunzi anayeishi robo ya muhula akiwa nusu mtu hafanani na anayeumwa kichwa siku moja akameza Panadol, akalala.

Halafu ikaondoka. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko mahali pengine pote. Damu ikianza, siku ya kwanza au ya pili, ule uzito unavuliwa. Nafungua dirisha, naona ziwa ni zuri, naomba nipikiwe sato, naenda kwenye vimbweta na kuongea kuliko wote. Wenzangu wa chumbani walikuwa wananiangalia wasijue washike lipi.

Kila mtu alikuwa na jibu. Bibi yangu wa Magu alisema nikiolewa na kuzaa itaisha. Rafiki wa ushirika aliona ni roho ya mapepo, nikawekewa mikono. Zahanati niliyokuwa nakwenda walinipima malaria, wakapima taifodi, wakapima mkojo, wakapima mimba, na karibu kila mara nilitoka na dozi ya yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Na hapa pana mtego ambao kila binti aujue: tiba zote hizo zilionekana kufanya kazi. Nameza vidonge Jumanne, Ijumaa damu inaanza, Jumamosi mimi ni mzima, naapa kwamba dawa imenisaidia. Nimeombewa jioni, keshokutwa nimefunguliwa. Hali inayoondoka yenyewe baada ya siku chache humpa sifa yeyote aliyesimama karibu nayo. Kwa njia hiyo nilimeza antibayotiki ambazo mwili wangu haukuzihitaji, na najua kuna mabinti wanaendelea kuzimeza hadi leo.

Wavulana walikuwa na jibu fupi kuliko wote. "Mwacheni, yuko MP huyo," yaani yuko kwenye hedhi. Nataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma hadi leo. Kuna wakati kikundi chetu kilichangisha hela za kuchapisha ripoti, na hesabu ilipoletwa haikulingana. Nikauliza risiti iko wapi. Nilikuwa nimeikokotoa kwa kalamu, nilikuwa sahihi, na hela ilikuwa pungufu. Jibu nililopewa lilikuwa hilo hilo, watu wakacheka, risiti haikutolewa. Basi msichana anabanwa pande mbili. Akiteseka kweli, anaambiwa ni kawaida ya wanawake avumilie. Akidai haki yake akiwa na akili timamu, anaambiwa ni hedhi inaongea. Kwa hiyo wengi wetu tunakaa kimya hata kwa daktari, tukiogopa kwamba tukishakiri kuwa wiki fulani hatuko sawa, hatutaaminiwa wiki zote nne. Sikubaliani na hofu hiyo, ila naielewa sana.

Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja mtu mzima, muuguzi mstaafu mwenye asili ya Ukerewe, aliyekuwa na duka la dawa karibu na kituo chetu cha daladala. Nilimsalimu kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unataka ya kichwa au ya usingizi?"

Nikamwambia zote mbili. Akanitazama, akaniuliza kama nakumbuka lini nilikuja mara ya mwisho. Sikukumbuka. Yeye alikumbuka. "Wewe huwa unakuja kununua dawa, halafu siku mbili tatu unarudi kununua pedi. Nimekuangalia mwaka mzima. Hujawahi kuanza na pedi."

Akanipa kazi, hakunipa dawa. Nunua daftari dogo, kila usiku kabla ya kulala andika namba, 1 hadi 6, kwa hasira, huzuni, wasiwasi, usingizi, maumivu ya matiti na tumbo, na kama siku hiyo uliweza kusoma. Moja ni hakuna kabisa, sita ni imezidi. Weka alama siku damu inapoanza. Usiruke siku nzuri. Fanya hivyo mizunguko miwili, kisha njoo tuongee.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo madaktari wanavyofanya duniani kote. Wana fomu yao yenye namba hizohizo, nao wanataka angalau mizunguko miwili iliyoandikwa siku kwa siku. Sababu ni kwamba kumbukumbu hudanganya. Ukiulizwa mwisho wa mwezi, siku mbaya zinakua na siku nzuri zinafutika, au unakumbuka ugomvi na kusahau kwamba ulitokea siku nne kabla ya damu. Na zile siku nzuri ndizo zenye ushahidi. Daftari langu lilipojaa, ukiliangalia kwa mbali unaona mpangilio: moja na mbili nyingi, kisha mlima wa nne na tano na sita, kisha damu, kisha moja tena. Mwezi wa pili, vilevile. Nililia mbele ya yule mama kwa furaha. Kitu chenye tarehe kinaweza kusubiriwa.

Nikaanza kusoma kila nilichokipata. Mwaka 1931 daktari Robert Frank wa New York aliandika kuhusu wanawake waliokuwa na mfadhaiko mkali kabla ya hedhi. Mwaka 1953, Raymond Greene na Katharina Dalton wa Uingereza wakaipa hali hii jina la sindromu ya kabla ya hedhi, PMS kwa Kiingereza, ambalo linatumika hadi leo. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinasema dalili ziwepo ndani ya siku tano kabla ya damu, ziondoke ndani ya siku nne baada ya damu kuanza, zijirudie mizunguko mitatu mfululizo, na ziwe zinavuruga maisha kweli. Mabadiliko madogo, wanawake wengi sana wanayapata, na hayo si ugonjwa.

Chanzo chake nilidhani ni homoni kuzidi. Sivyo. Yai likishatoka kwenye ovari, katikati ya mzunguko, homoni ya projesteroni inapanda kwa karibu wiki moja, kisha yenyewe na homoni ya estrojeni zinashuka na damu inakuja. Wanawake wenye hali hii wakipimwa, homoni zao kwa kawaida ziko kiwango kilekile na za wengine. Tofauti ni jinsi ubongo unavyozipokea. Fikiria dada wawili jikoni kwenye kuni zilezile: moshi ni mmoja, huyu machozi yanamtoka, mwenzake anasonga ugali bila shida. Projesteroni mwilini hugeuzwa kuwa kitu kinachoitwa alopregnanoloni, ambacho kwa kawaida hutuliza ubongo, lakini kwa baadhi yetu kupanda na kushuka kwake huchokoza badala ya kutuliza. Serotonini nayo, inayosaidia mtu awe na utulivu na usingizi, huyumba. Kwa hiyo vipimo vya damu pale maabara haviwezi kuionyesha hali hii. Daftari ndilo kipimo.

Kuna aina kali zaidi, inayoitwa PMDD kwa Kiingereza. Kati ya wanawake 100 wenye hedhi, inakadiriwa kuwa 3 hadi 8 wanaipata. Hapo huzuni inakuwa shimo, hasira inavunja nyumba, na wengine wanawaza kufa, kila mwezi, kwa ratiba. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye mwongozo wao mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani limeiweka miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa uzazi katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022. Nawatajia wazazi jambo hili makusudi. Binti wa hivyo si mjeuri wala hajarogwa. Ana ugonjwa ulioandikwa kitabuni, na una dawa: zile zinazoongeza serotonini, kama fluoksetini, ambazo daktari anaweza kuandika zimezwe mwezi mzima au zile wiki mbili za mwisho tu, au aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango. Si za kujinunulia dukani. Hapa Mwanza tuna Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, na rufaa inaanzia kituo cha afya cha jirani. Nenda na daftari lako mkononi. Ukienda na neno "najisikia vibaya" peke yake, utapimwa malaria.

Mimi sikufika huko. Yangu yalishughulikiwa na mambo ya kawaida, na niyaseme kama nilivyoyaishi bila kuyapamba. La kwanza lilikuwa kuwaonyesha wenzangu wa chumbani daftari. Mmoja wao alilipekua kimya, akasema, "Dada, kumbe na sisi tunaweza kujua." Tukatundika kalenda ukutani, siku zikawekewa duara la penseli. Duara hilo lilifanya kazi kubwa kuliko samahani zote. Wiki hiyo sikupangiwa kuwasilisha kama kulikuwa na njia nyingine, na kazi za kuandika nilizimaliza mapema, wiki ya baada ya damu, wakati kichwa kiko safi. Bumu niliacha kutembea nalo.

La pili, kukesha. Wanafunzi tunajiua kwa chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu, na wiki hiyo kafeini inapanda juu ya wasiwasi uliopo na kuiba usingizi uliobaki. Nilivikata siku hizo, nikalala. Nilitembea pia, kutoka Malimbe kushuka hadi ufukweni na kupanda tena, jioni, hata nikiwa sitaki. Mazoezi ya kutoa jasho ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo wataalamu hushauri, na mlima wa Malimbe unatoa jasho bila kulipia jimu.

Na dagaa. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wanawake waliomeza miligramu 1200 za kalsiamu kila siku walipungukiwa dalili kwa karibu nusu kufikia mzunguko wa tatu; waliomeza vidonge visivyo na dawa nao walipungukiwa, ila kwa asilimia 30 hivi. Tofauti si ya kushangilia barabarani, lakini ipo. Sisi tunaishi kando ya ziwa lenye dagaa wanaoliwa wazimawazima, mifupa na yote, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu. Mwaloni Kirumba wanauzwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Wapike na nyanya na kitunguu, chumvi usizidishe, kwa sababu chumvi nyingi inaongeza kuvimba. Sidai kwamba dagaa wanatibu. Nasema ni chakula chema cha bei nafuu, na mwanafunzi anayekula chipsi kavu wiki nzima hana cha kupoteza akiwajaribu.

Maumivu ya tumbo la hedhi ni habari nyingine, ingawa watu wanaichanganya na hii. Hayo yanaletwa na kemikali zinazoitwa prostaglandini, zinazobana mfuko wa uzazi damu inapotoka, na dawa kama ibuprofeni huzizuia, hasa ikimezwa mapema, baada ya kula, kwa asiye na vidonda vya tumbo. Binti anaweza kuwa na vyote viwili. Akiwa na maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi, aonwe na daktari.

Siku hizi wasichana wangu wa kidato cha tatu na cha nne wanajua kuhusu daftari. Silitangazi mstarini. Huwa naliingiza kwenye somo la takwimu: chora grafu ya jambo lolote unaloweza kulipima kila siku kwa miezi miwili. Wavulana wanapima muda wa kufika shule au bei ya nyanya sokoni. Wasichana wengine wanaelewa wenyewe ninachowaachia nafasi wapime. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne, Novemba, hausogezwi kwa ajili ya mtu, lakini binti anayejua tarehe zake anaweza kupanga marudio, usingizi, na dawa kama ameandikiwa. Mwalimu mwenzangu wa kiume aliniuliza kama siwafundishi visingizio. Nikamwonyesha grafu, bila jina, yenye vilele vitatu vinavyofanana na mashimo matatu ya alama za majaribio chini yake. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha kuangalia kalenda kabla ya kupanga jaribio la marudio.

Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi, mwaka 2019 ikarudishwa, na mjadala ukawa mkubwa, na ulistahili. Pedi inamwezesha msichana kufika darasani. Lakini katika kelele zote zile sikumsikia mtu akitaja siku ambazo msichana amefika, amekaa, ameshika kalamu, na hayupo.

Daftari linakataa pia. Kuna mwanafunzi wangu mmoja ambaye kila mtu, na yeye mwenyewe, aliamini kwamba ni mambo ya hedhi. Akaandika miezi miwili. Hakukuwa na mlima. Tano na sita kuanzia tarehe mosi hadi mwisho, damu ije isije. Hali isiyo na siku za kupumzika baada ya damu si hii ninayoieleza. Inaweza kuwa sonona, upungufu wa damu, au jambo linalotendeka nyumbani. Bila daftari tungeendelea kulaumu hedhi mpaka amalize shule. Mlezi wa wasichana alikaa naye, ukweli ukatoka, na sasa anahudumiwa kwa jambo lililo lake hasa.

Kwa anayewaza kujidhuru, asisubiri daftari lijae. Aseme siku hiyohiyo, kwa mtu mzima anayemwamini au kituo cha afya. Kwa watoto na wanafunzi ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure. Pale shuleni nimeiandika kwa rangi upande wa ndani wa milango ya vyoo vya wasichana, kwa sababu huko mtu anaweza kuisoma mara nyingi anavyotaka bila kuulizwa anasoma nini.